Kabla ya sabuni kulikuwa na mafuta: uso, nazi na delta ya Rufiji

Wiki hii naomba tuiache siasa ipumzike, na bei ya petroli nayo ipumzike, tuzungumzie mafuta ya aina nyingine kabisa. Mafuta ya kusafishia uso.

Najua kuna watakaosema huyu jamaa kaishiwa habari. Subirini kwanza. Ingia leo duka lolote kubwa la vipodozi pale Kariakoo au Mlimani City, utakuta chupa ndogo zimepangwa vizuri, mafuta ya kuondolea vumbi, jasho na vipodozi usoni. Ukiuliza bei utairudisha chupa taratibu, kama mtu aliyekumbuka kuwa kaacha jiko linawaka. Lakini kabla hujairudisha igeuze, usome kilichomo. Mara nyingi utakuta nazi, ufuta au nyonyo. Yaani vitu vinavyoota nyuma ya nyumba za watu kule Mbuchi vimepanda meli, vimetiwa kwenye kioo, vimerudi na jina jipya.

Mbuchi ni wapi? Ukitoka Dar kwa barabara ya Kilwa unapita Mkuranga, unafika Kibiti, halafu unaiacha lami unaelekea kwenye delta, pale Mto Rufiji unapogawanyika mikono mingi kabla ya kuingia Bahari ya Hindi. Ni nchi ya mikoko, mpunga, samaki na minazi. Zamani ilikuwa Wilaya ya Rufiji, sasa ni Wilaya ya Kibiti, Mkoa wa Pwani. Mikoko ya delta hii ni hekta zipatazo 53,000, msitu mkubwa kuliko yote ya aina hiyo ulioungana katika Afrika Mashariki. Wengi wetu tuliisikia kwenye somo la historia kwa sababu ya meli ya kivita ya Wajerumani, Königsberg, iliyojificha humo na kuishia humo Julai 1915. Meli tunaikumbuka. Mafuta ya wenyeji hakuna aliyetuuliza kwenye mtihani.

Sasa basi, hoja yangu ni hii. Mafuta ya usoni si ugeni uliotujia kwa intaneti. Yana umri mkubwa pwani hii, na namna yalivyotutoka mikononi ni historia ya biashara, ukoloni na uchumi wetu kwa ujumla. Twende taratibu.

Tuanze na lugha, kwa sababu lugha haisahau. Neno "sabuni" tumelipata kwa Waarabu. Lakini "mafuta" ni neno la Kibantu kabisa. Mshona anasema mafuta, Mkongo anasema mafuta, Mzulu anasema amafutha. Na "ufuta" tunaoupanda shambani umebeba shina hilo hilo. Maana yake ni kwamba mababu zetu walikuwa na jina la mafuta zamani sana, kabla hawajatawanyika kusini mwa bara hili, wakati jina la sabuni lilikuja baadaye na wageni. Sisemi kwamba watu walikuwa hawaogi! Nasema walikuwa na njia zao.

Na hawakuwa peke yao. Wagiriki na Warumi wa kale walikuwa wakienda kuoga wanajipaka mafuta ya zeituni mwili mzima, halafu wanayakwangua pamoja na uchafu kwa chuma kilichopinda. Tabibu Galen, katika karne ya 2, anahusishwa na dawa ya ngozi iliyochanganya nta, mafuta ya zeituni na maji ya waridi. Kwa hiyo anayedhani kujipaka mafuta ili uwe safi ni ushamba, amewatukana na Warumi pia.

Turudi nyumbani. Kuna kitabu cha mfanyabiashara mmoja wa Kigiriki wa karne ya 1, Periplus ya Bahari ya Eritrea, kinachoeleza bandari za pwani yetu, ya mwisho ikiwa Rhapta. Profesa Felix Chami wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam amekuwa akitetea kwa miaka mingi kwamba Rhapta ilikuwa maeneo haya haya ya Rufiji. Wapo wanaobisha, na ubishi huo ni mtamu, tutaurudia siku nyingine. Kinachonivutia mimi ni orodha ya bidhaa. Pembe za ndovu, pembe za vifaru, magamba ya kasa, halafu kuna neno moja ambalo wasomi wamelivutania. Mfasiri Wilfred Schoff, mwaka 1912, alilisoma kuwa ni mafuta kidogo ya jamii ya mnazi. Wengine wanasema hapana, ni gamba la kiumbe wa baharini. Lakini kitabu hicho hicho kinataja bila utata mafuta ya ufuta yakisafirishwa kutoka India kwenda kwenye masoko ya Pembe ya Afrika. Kwa hiyo miaka 2,000 iliyopita bahari hii ilikwisha kuwa njia ya mafuta.

Shahidi wa pili ni Ibn Battuta. Alifika Kilwa mwaka 1331, mwendo mfupi tu kusini mwa delta, halafu akapanda chombo kwenda Dhofar, Oman ya leo. Huko Dhofar alieleza kinaganaga jinsi mafuta ya nazi yanavyopatikana. Nazi iliyokomaa inakatwa vipande, inaanikwa juani, halafu inapikwa kwenye vyungu mpaka mafuta yatoke. Akasema watu wanawashia taa, wanachovyea mkate, na wanawake wanapaka nywele. Vyombo vya Kilwa na vya Dhofar vilisukumwa na pepo zile zile, kaskazi na kusi, na watu walikuwa ndani ya vyombo hivyo.

Hata mnazi wenyewe unasimulia. Mwaka 2011 wanasayansi walichapisha utafiti wa vinasaba vya minazi kutoka pande nyingi za dunia. Walikuta makundi mawili makubwa, la Bahari ya Hindi na la Pasifiki. Na minazi ya pwani ya Afrika Mashariki, Komoro na Madagaska ikaonekana kuwa na mchanganyiko wa yote mawili, jambo linaloafikiana na safari za mabaharia wa Kiaustronesia kutoka Kusini Mashariki ya Asia. Kwa hiyo ukiona mnazi umeinama juu ya mkono wa Rufiji, ujue una ukoo na mabaharia wa mbali.

Nyonyo, ambayo wengine wanaiita mbarika, yenyewe ni mwenyeji wa upande huu wa Afrika. Na hapa Rufiji ina kisa chake kizito. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, aliyewapa watu maji ya kuwakinga na risasi za Wajerumani, anasimuliwa kuwa alichanganya maji hayo na mafuta ya nyonyo na mtama. Wajerumani walimnyonga Mohoro, Agosti 4, 1905, wakati Vita vya Maji Maji vimekwisha kuwaka. Fikiria hilo. Mafuta ambayo leo mtu anasugulia pua yake jioni ndiyo yaliyokuwa ndani ya dawa ya kuunganisha makabila dhidi ya kulimishwa pamba kwa nguvu. Kwetu mafuta hayakuwa ya urembo tu. Yalikuwa ya kumwandaa mtu: mtoto aliyezaliwa, mwali anayetolewa nje, bibi harusi, na hata askari.

Sasa tuje kwenye swali lenyewe. Ilikuwaje tukaacha?

Jibu linaanzia Marseille, Ufaransa. Mji ule ulikuwa maarufu kwa sabuni ya mafuta ya zeituni. Katika karne ya 19 viwanda vilikua, zeituni hazikutosha, wenye viwanda wakaanza kutafuta mbegu nyingine za mafuta duniani kote. Mwaka 1844 Ufaransa ikasaini mkataba wa biashara na Seyyid Said wa Zanzibar. Baada ya hapo meli za Marseille zikawa zinapakia Zanzibar ufuta na mbata, yaani nazi iliyokaushwa. Mji wa Zanzibar nao ulikuwa na vinu vyake vya kushindika mafuta, ngamia amefungwa kitambaa machoni anazunguka mchana kutwa.

Na tusipambe historia. Mafuta hayo hayakuwa safi kwa maana nyingine. Malindi, iliyofufuka miaka ya 1860, iliuza ufuta na nafaka nyingi, na waliolima walikuwa watumwa. Anayetamani "enzi za asili" akumbuke nani alikuwa anakuna nazi na nani alikuwa anapakwa.

Kwa hiyo mzunguko ulikuwa huu: nazi inaondoka pwani ikiwa mbata, inakuwa sabuni Ulaya, inarudi kuuzwa kwetu ikiwa na karatasi nzuri. Na pamoja na sabuni likaja somo. Mwanahistoria Timothy Burke, kwenye kitabu chake cha 1996 kuhusu Zimbabwe, ameonyesha jinsi matangazo ya sabuni na mafundisho ya usafi ya kikoloni yalivyomfundisha Mwafrika kuuona mwili wake kuwa na kasoro ya kununuliwa dawa. Mtu aliyepakwa mafuta akaitwa mchafu. Mtu aliyenuka sabuni ya dukani akaitwa mstaarabu. Hapo ndipo uso uliong'aa kwa mafuta ya nazi ulipoanza kuonewa aibu.

Njaa ya Ulaya ya mafuta ilirudi kwetu kwa kishindo baada ya Vita Kuu ya Pili. Mpango maarufu wa karanga wa Tanganyika, wa Kongwa, Urambo na Nachingwea, ulianza mwaka 1947 kwa sababu Uingereza ilikuwa na upungufu wa mafuta ya kula. Aliyeutoa wazo ni Frank Samuel wa United Africa Company, kampuni ya ukoo wa Unilever, wakubwa wa sabuni na majarini. Mwaka 1951 serikali ya Uingereza ikautupa, hasara mamilioni ya pauni, matrekta yakabaki porini. Mkulima mdogo wa Mbuchi na minazi yake mitano hakuna aliyemfikiria.

Halafu ikaja miaka ambayo wazazi wetu wanaisimulia kwa kucheka na kusikitika kwa pamoja. Baada ya Vita vya Kagera vya 1978 na 1979, mwanzoni mwa miaka ya 1980, sabuni ikawa bidhaa adimu. Foleni, vibali, maduka ya ushirika, na mwaka 1983 msako wa wahujumu uchumi. Watu wakafua nguo kwa majani ya mpapai. Na vijijini pwani, mafuta ya nazi yakarudi usoni bila aibu kwa sababu hapakuwa na kingine. Lakini yalirudi yakiwa alama ya dhiki. Biashara ilipofunguliwa kuanzia katikati ya miaka ile ya 1980 na makopo ya rangi rangi yakaingia, watu waliyakimbia mafuta ya nazi kama wanavyomkimbia mdai.

Makopo hayo ndiyo yaliyotuletea mkorogo. Hapa naomba tusitaniane. Mkorogo nao ni kipodozi cha kutengeneza nyumbani: mtu anachanganya krimu tatu nne kwenye bakuli, nyingine zikiwa na zebaki au haidrokwinoni, ili ngozi iwe nyeupe. Viambato hivyo vimepigwa marufuku kwenye vipodozi nchini. Sheria ya Chakula, Dawa na Vipodozi ilitungwa mwaka 2003, na tangu 2019 usimamizi wa vipodozi uko kwa TBS. Dunia nayo, kwa Mkataba wa Minamata wa 2013, ilikubaliana kuondoa zebaki kwenye vipodozi. Zebaki inaharibu figo na mishipa ya fahamu. Bado makopo yanapitishwa kwa magendo, na bado dada zetu, na kaka pia tusidanganyane, wanakoroga.

Tofauti ya bakuli hizi mbili ndiyo iliyonipeleka Mbuchi. Bibi mmoja, mwenyeji wa huko, alinikubalia nikae nimwangalie akifanya kazi. Nilipomwamkia, alipokea "marahaba mjukuu wangu" bila kuinua macho kwenye mbuzi, mkono unakuna. Nazi kavu zilizokomaa, si koroma. Akakuna zote, akamimina maji ya uvuguvugu, akakamua kwa kifumbu mpaka machicha yakabaki makavu. Tui likalala usiku kucha kwenye sufuria iliyofunikwa. Asubuhi utando mzito ulikuwa umeelea juu. Akauengua, akaubandika kwenye moto mdogo, akawa anakoroga pole pole. Mara ya kwanza linachemka kama uji, halafu linapasuka, mafuta yanajitenga, na masalia yanageuka rangi ya kahawia chini. Hapo unaepua haraka, kwa sababu ukichelewa yananuka kuungua. Unachuja kwa kitambaa safi, unaacha yapoe, unatia kwenye chupa kavu. Tone moja la maji likibaki ndani, mafuta yanachacha.

Nikamuuliza walikuwa wanasafishaje uso.

"Unapaka, unasugua, unafuta kwa kitambaa cha maji ya moto. Kwani mafuta ni ya nini? Ya kufuta."

Wataalamu wa lugha watalikataa hilo, lakini mtaalamu wa ngozi hawezi. Mafuta yanayeyusha mafuta. Jasho lililochanganyika na vumbi la barabarani, vipodozi visivyoshika maji, na mafuta ya ngozi yenyewe, vyote vinakubali kutoka kwa mafuta kuliko kwa maji matupu. Chupa za dukani zimeongezewa kitu cha kuyafanya mafuta yasuuzike kwa maji. Ya nyumbani hayana, ndiyo maana kitambaa cha maji ya moto ni lazima.

Lakini uandishi wa habari ni kusema na upande wa pili. Mafuta ya nazi ni mazito, karibu nusu yake ni asidi ya lauriki, na kwa wenye chunusi mara nyingi yanaziba vinyweleo. Mwenye ngozi ya namna hiyo atafute ufuta uliokamuliwa bila kukaangwa, sehemu tatu, na nyonyo ya dukani sehemu moja. Nyonyo usijaribu kuishindika mwenyewe jikoni, kwa sababu mbegu zake zina sumu kali. Jaribu kwanza kidogo upande wa ndani wa kiwiko, ngoja siku mbili. Mwenye mzio wa ufuta aache kabisa. Na usitegemee kuwa mweupe. Mafuta haya yanakuacha na rangi yako, na kwangu mimi hiyo ndiyo sifa yake kubwa.

Nilipomuuliza bibi anauza kiasi gani, akanionyesha minazi. Miwili ilikuwa haina vichwa, imesimama kama nguzo za simu. Huo ni ugonjwa wa kunyong'onyea. Nazi changa zinapukutika, makuti yanageuka manjano, halafu kilele chote kinaoza na kuanguka. Uliripotiwa Tanzania tangu 1905, mwaka ule ule wa Maji Maji, na umeua mamilioni ya minazi ya pwani. Serikali ilianzisha mradi wa taifa wa minazi mwaka 1979 kwa msaada wa Ujerumani, ukazaa kituo cha utafiti cha Mikocheni ambacho leo ni TARI Mikocheni. Tiba ya mti uliokwisha ugua haijapatikana. Dawa ni kuung'oa mapema na kupanda miche mingine inayovumilia. Ongeza mafuriko, kama yale ya Aprili 2024 yaliyoingia vijiji vingi vya Rufiji na Kibiti, upate picha ya maisha ya mkulima wa delta.

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Kwa mafuta ya usoni naona methali hii imegeuzwa. Kibaya kimejitembeza mpaka vijijini ndani ya makopo, na kizuri kimekaa Mbuchi kinasubiri mtu wa kukikuna. Wajukuu wa bibi yule wako Mbagala na Temeke, kama tulivyo wengi wetu. Hakuna hata mmoja aliyewahi kukaa naye kwenye mbuzi tangu mwanzo mpaka mafuta yajitenge, ameniambia mwenyewe, bila kulalamika. Kampuni ya mbali haitamuuliza, ina maabara yake. Tutakaopoteza ni sisi, tutakaonunua kwa bei ya dola kitu ambacho jina lake tumelirithi na kazi yake tumeisahau.

Kwa hiyo wadau, mwenye bibi Kibiti, Mafia, Kilwa, Tanga, Pemba au Lamu, likizo hii usiende na simu peke yake. Nenda na nazi kumi, na ukifika shika mbuzi wewe.